Kwenye Simu Natumia Mkono wa Kulia

Mimi ni mashoto. Bisibisi, kisu, ufagio, mwiko wa ugali, vyote navishika kwa mkono wa kushoto. Kalamu tu ndiyo naishika kwa kulia, kwa sababu nilipokuwa darasa la kwanza pale kijijini Tura, mama yangu aliufunga ule wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga, chini ya sweta, kila asubuhi, mpaka ukasahau kuandika. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele. Nimeulizwa vya kutosha.

Nina kibanda cha ufundi wa simu na kompyuta, Kanyenye, hapa Tabora mjini. Miaka ya karibuni vijana wameanza kuniletea kitu kipya: kompyuta ya michezo ya kushika mkononi. Ina kioo katikati, na vitufe na vijiti vya kuongozea pande zote mbili, ukubwa wake kama sinia dogo la chai. Ndani yake ni kompyuta kamili. Ukiiwekea emuleta, yaani programu inayoifanya ijidai kuwa mashine ya zamani, inacheza ile michezo tuliyokuwa tukiipangia foleni utotoni kwenye vyumba vya gemu. Na mimi nikajinunulia yangu, iliyotumika. Ilikuja kwa basi kutoka Dar imeviringishwa kwenye shuka, haina chaja wala karatasi ya maelezo.

Nikaingia mtandaoni kutafuta video za mafunzo, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Zilikuwa nyingi kama senene, na zote zilikuwa za watu wasiotaka ujue. Bwana mmoja anazungumza Kiingereza kama anayefukuzwa. Kidole chake kinapita juu ya kioo, picha inakatwa, halafu anasema umeona, imekubali. Sijaona. Akifika kwenye lile faili ambalo bila hilo emuleta haiwaki, anacheka na kusema hapa siwezi kukuonyesha, mwenyewe unajua pa kulipata. Kama ningejua, ningekaa dakika arobaini namtazama huku bando langu likiteketea? Kijana mmoja wa Dar alijitahidi kutumia Kiswahili, lakini nusu ya video alikuwa anatuonyesha taa za rangi ukutani kwake. Mimi sikutaka taa. Video ya kuonyesha isiyoonyesha ni dharau tu kwa mtazamaji.

Nilihangaika wiki tatu. Faili lenyewe mwishowe nililitoa kwenye mashine yangu ya zamani ya gemu, iliyokuwa uvunguni mwa kitanda cha mama tangu alipohamia kwangu. Siku emuleta ilipowaka, ule wimbo wa mwanzo wa gemu ukalia kibandani, nikajikuta nimesimama. Nikasema sasa nitafanya video zangu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na sitaruka hatua hata moja. Atakayeshindwa, ashindwe kwa kupenda.

Nilining'iniza simu kwa mpira wa tairi ya baiskeli kwenye msumari wa darini, kamera ikitazama meza. Kilichoonekana ni mashine na mikono yangu tu. Nikaeleza taratibu: hapa unaingiza memori kadi, hapa unatengeneza folda, hapa usibonyeze kitu mpaka mstari ujae. Picha ikitikisika nilirudia, na mwisho wa kila video nilikitaja kibanda changu cha Kanyenye. Nilizipandisha tatu za kwanza nikiwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka.

Maoni yakaanza kuingia. Kwanza kila mtu ananiita kaka. Kaka ubarikiwe, kaka una moyo. Sauti yangu wanaisikia, na si nzito, lakini kwa kuwa nimeshika bisibisi basi mimi ni kaka. Nikameza. Halafu wakaanza kuuona mkono. Mbona unatufundisha kwa mkono wa chooni? Mafunzo mazuri ila mkono unatia kinyaa. Mwingine, mwenye picha ya maua, aliandika kwa herufi kubwa kwamba mwalimu asiye na adabu hafundishi adabu. Folda na memori kadi, adabu imeingilia wapi?

Mmoja tu ndiye aliyenichekesha. Alijitambulisha kuwa Mzaramo, akaniuliza sisi Wanyamwezi tulipobeba mizigo hadi Pwani, mkono wa kulia tuliuweka rehani kwa nani. Huyo ni mtani wangu. Utani wetu na watu wa Pwani umeanza tangu babu zetu wakishusha mizigo mlangoni kwao, na mtani ana ruhusa. Nilimjibu kwamba tuliuacha kwake umpepee alipolala. Wale wengine hawakuwa na ruhusa yoyote, na hawakuwa wanatania.

Na mimi adabu ninaijua. Jirani yangu pale mtaani ni mzee wa Kiarabu, ukoo wao umefanya biashara Tabora tangu kabla ya reli, na simu yake nikishaitengeneza namkabidhi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, tena nikiwa nimeinama kidogo. Sijawahi kumkosea. Lakini kumpa mzee kitu ni jambo moja, na kubonyeza kitufe ni jambo jingine. Kitufe hakina mvi. Niliyaandika haya yote chini ya video, kwa ukali, na majibu yaliyokuja sitayarudia hapa.

Ningeendelea kugombana nao, maana ugomvi naupenda. Kilichonishinda ni kwamba watazamaji walikuwa wanapungua. Mtu anaingia, anaona mkono, anatoka. Nikawaza, hawa watu ninataka wajifunze au ninataka kuwashinda? Nikajaribu kurekodi kwa mkono wa kulia, ukawa unatetemeka kama wa mgonjwa na kugonga vitufe viwili kwa pamoja. Ndipo nikakumbuka kwamba programu ninayohariria video ina alama ya pembetatu mbili zinazotazamana. Ukiigusa, picha nzima inageuka kama unajiona kwenye kioo. Nikaigusa. Mkono wa kushoto ukawa wa kulia.

Kazi ikawa kuficha. Maandishi ya kwenye kioo cha mashine yalionekana kinyume, kwa hiyo nilirekodi kioo peke yake na kuipachika picha yake sawa juu ya ile iliyogeuzwa. Kalenda ya ukutani niliiondoa. Kwenye mashine kuna vitufe vinne vyenye herufi A, B, X na Y. Ajabu ni kwamba A, X na Y ukizigeuza zinabaki vilevile. B ndiyo iliyonisaliti, nikaibandika plasta nyeusi. Nikazifuta zile tatu za mwanzo, nikazirekodi upya zimegeuzwa, na nikaendelea mpaka zikafika kumi na moja.

Sasa wakanisifu. Kaka umejirekebisha, Mungu akuzidishie. Yule wa maua alirudi na kuweka mikono inayopiga makofi. Nilifurahi, na kufurahi kwenyewe kukaniudhi siku nzima.

Asubuhi moja akaingia kibandani mwanaume wa rika langu, ameshuka kwenye treni kutoka Urambo, na mfuko wa nailoni kifuani.

"Habari za asubuhi, dada. Fundi mwenyewe nimemkuta?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine. "Yule wa video za gemu?"

"Ndiye mimi," nikasema tena, na nadhani nilisema kwa sauti ya kutosha, kwa sababu aliketi.

Akatoa mashine yake, inafanana na yangu. Alikuwa na chumba cha gemu karibu na kituo cha kununulia tumbaku, na vijana wa mashambani walikuwa na ligi yao ya mpira ndani ya emuleta. Walikuwa wanaicheza tangu tumbaku ilipoanza kuchumwa, kila mmoja na timu yake, na mashine ndiyo iliyotunza matokeo. Ilikuwa imefika nusu fainali. Sasa mashine ilikuwa tupu.

"Nilitaka kuongeza memori kadi," akasema. "Kwenye video ulisema nishikilie kitufe cha sauti huku nawasha. Hiki cha kulia."

"Nilisema cha kupunguza sauti. Hicho ni cha kuongeza."

"Hapana, dada, samahani. Ulisema hiki hapa, ukakibonyeza. Nimeitazama mara nne. Nikafuata kidole chako. Ikaja orodha, ukasema chagua mstari wa pili, kubali. Nikakubali."

Kwenye orodha ninayoijua, mstari wa pili ni wa memori kadi. Kwenye orodha inayokuja ukishikilia kile cha kuongeza sauti, mstari wa pili unairudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Niliyajua hayo. Sikuwahi kuyasema kwenye video kwa sababu sikufikiria kuna mtu atakayekosea kitufe ninachokigusa mbele ya macho yake.

"Vijana wanasema nimeifuta makusudi," akaendelea, "kwa sababu timu ya mdogo wangu ilikuwa imeshatolewa. Hawaji tena. Mmoja amenisema mpaka kanisani."

Nikaivuta mashine na kuanza kuifungua. Yeye akawa anaangalia mikono yangu, na nilipochukua bisibisi nyembamba nikasikia kiti chake kimelia.

"Kumbe wewe ni mashoto."

"Ndiyo."

"Kwenye video siyo."

Nikaendelea kufungua skrubu. Hakuwa mjinga. Alichukua mashine yangu iliyokuwa mezani, akaigeuza huku na huku, akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti cha kulia, kisha akakihamishia kwenye cha kushoto.

"Dada, si ungetuonyesha tu mkono wako ulivyo? Sisi tulikuwa tunaangalia kitufe."

Niliirudishia mashine yake emuleta zote, kazi ya siku nzima, na sikumtoza. Ligi sikuweza kuirudisha. Alinishukuru kwa upole kuliko nilivyostahili, akaniomba nimwandikie barua fupi ya kuwaonyesha vijana kwamba kosa halikuwa lake. Nikaiandika, na mkono wangu wa kulia ulijitahidi.

Alipoondoka, niliwachukia wale watu wa maoni kuliko siku zote. Yule wa maua, yule wa kinyaa, yule wa chooni, hao ndio walioifuta ligi ya Urambo, si mimi. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Video sikuziondoa. Chini yake niliongeza mstari mmoja kwa herufi ndogo: vitufe vya sauti viko kinyume na vinavyoonekana, kuwa makini. Nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Haikupita wiki mbili, mwanangu akarudi na daftari limeandikwa kwa wino mwekundu: mzazi afike shuleni. Binti yangu yuko darasa la kwanza, na ni mashoto kama mimi. Alipozaliwa na kuanza kushika kijiko kwa kushoto niliapa kwamba hakuna kanga itakayoukaribia mkono ule nikiwa hai.

Mwalimu wake ni binti mdogo, mpole. Alinifungulia daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa na herufi za mviringo, zimekaa juu ya mstari vizuri. Kuanzia katikati zilianza kulala, nyingine zimeanguka kabisa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe.

"Haandiki tena, mama. Anajaribu kwa kulia, anashindwa, anaacha. Ule wa kushoto anaukalia."

"Anaukalia vipi?"

"Anauweka chini ya paja, anaukalia. Nimemwambia autoe, atumie anaoutaka. Analia."

Nilimwambia mwalimu yule maneno ambayo baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwambia kwamba najua shule zinavyofanya, kwamba mimi mwenyewe nimepitia, na kwamba asinidanganye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, nyumbani kuna nani?"

Nyumbani kuna mama yangu.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka alikuwa amekaa uani anamenya karanga kwenye ungo, kanga begani, na nilivyoiona hiyo kanga damu ilinipanda kichwani. Hata hivyo mtu hamgombezi mama yake kabla ya kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Umeanza tena?"

"Nimeanza nini?"

"Kumfunga mtoto mkono. Ulinifunga mimi, nikanyamaza miaka yote hii, sasa umeshika na huyu. Kwa nini, mama? Mkono wake umekukosea nini? Wangu ulikukosea nini?"

Niliyasema na mengine, ya tangu Tura, mengi. Mama hakuinua macho. Alimaliza karanga aliyokuwa anaimenya, akaitia kwenye bakuli.

"Huyu sijamgusa," akasema. "Wewe nilikufunga, ni kweli. Mwalimu wako wa pale Tura alikuwa anakuchapa vidole kwa rula, upande wa chuma. Hukumbuki? Ulikuwa unarudi vimevimba, hata tonge huwezi kushika, nakulisha. Baba yako alikwenda kumwona, hakusikia. Nikaona kanga yangu haiumizi kama rula yake. Ukishafungwa hataona cha kuchapa." Akapepeta ungo kidogo, maganda yakaruka. "Huyu nani anamchapa? Nimfunge wa nini?"

Sikukumbuka. Miaka thelathini nimekumbuka kanga tu. Nilitazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine, na bado nilikuwa na hasira, ila sasa ilikuwa imesimama mlangoni haijui iingie wapi.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, bado na sare. Ametusikia yote. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Nani kakukataza kutumia mkono wako?"

"Hakuna."

"Bibi?"

Akatikisa kichwa.

"Mwalimu? Wenzako wanakucheka?"

"Hapana."

"Sasa mbona unaukalia, mama?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua. Kila jioni, nikiwa bado kibandani, bibi yake humwekea video zangu kwenye simu ili atulie. Emuleta hazijui, lakini sauti yangu anaijua na mikono yangu anaijua.

"Na wewe nyumbani unatumia huu," akasema, akiutoa ule wa kushoto chini ya paja. Kisha akainua wa kulia. "Kwenye simu, watu wanapokuona, unatumia huu."

Nikageuka nimtafute mama yangu. Alikuwa ameinamia ungo wake, anamenya karanga ambayo ilikwisha kumenywa.

Mchana ule kibanda nilikiacha kimefungwa. Nilimweka mwanangu kwenye kigoda kando yangu, nikashika simu, nikamwambia mimi mama yake nilikosea, video hizi ni za uongo, tutazifuta zote, na abonyeze yeye mwenyewe. Nikamfungulia moja moja. Nikamwambia mkono wowote anaoutaka. Akaitikia. Kumi na moja zote alizifuta kwa mkono wa kulia, pole pole, akikosea na kurudia, na ule mwingine ameukalia.